Gari la matofali lililokwama mchangani, na mota mbili zilizonunuliwa bure

Gari lenyewe ni 4x4 ya kupanda mawe, seti ya matofali ya plastiki inayoshikana na Lego, vipande elfu moja na ushee, ya kampuni moja ya Uchina ambayo jina lake naliacha. Mwenye gari ni mpwa wangu wa miaka 11, mwenye pesa ni shemeji yangu, na mimi niliitwa mambo yalipoharibika. Nakiandika kisa chote kwa sababu kila nikikaa Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, jioni kuna mzazi atanijia na swali lilelile, mbona gari la mwanangu halina nguvu, nimtilie mota gani? Na jibu wanalopewa na watu wengi, hata mafundi, ni tia mota kubwa zaidi. Mimi nasema mota muiwache kwanza, angalieni gia zimekaa wapi, na hili gari ndilo ushahidi wangu.

Tuanze na kununua. Shemeji ni klia bandarini, mtu wa kutoa mizigo forodhani, kwa hivyo mambo ya mizigo humwambii kitu, seti aliitoa AliExpress kwa kama Sh12,000 kabla ya usafiri. Jambo la kwanza alilofanya sawa ni kuchagua toleo lenye mota. Hizi seti za Kichina nyingi huuzwa namna mbili kwenye tangazo moja, kuna yenye mota, betri na rimoti, na kuna ile ya kuweka kabatini tu, magurudumu yazunguka kwa mkono, na picha ni ileile. Sasa mtu aona bei nusu afurahi, kumbe amebonyeza ya kabati. Nimeona watu wawili watatu wakilia kwa hilo.

La pili alimwambia ajenti aliyemkusanyia mzigo Uchina atupe lile boksi la karatasi na kitabu cha maelekezo, kwa sababu ajenti hupima kwa kilo na boksi la seti kubwa lina uzito wake, na kitabu unakipata kwenye simu. Betri ndiyo ilimpa wasiwasi. Betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege ya abiria tangu 2016, lakini ikiwa imefungwa pamoja na kifaa chake inahesabiwa kundi jingine, kwa hivyo seti nzima ilipita. Ukija kuagiza betri ya akiba peke yake baadaye ndipo utakapoona ajenti anaanza kuguna. Ushuru, IDF (ada ya tamko la kuingiza mzigo), ile tozo ya reli, halafu VAT ya 16% juu ya hesabu ambayo tayari ina ushuru ndani, yote hayo ajenti aliyaweka kwenye bei yake ya kilo. Kinachonichekesha ni kwamba meli za Uchina zinashusha mzigo hapo Kilindini tukiziona kwa macho, lakini kigari cha mtoto kimekuja kwa ndege mpaka Nairobi kisha kikashushwa Mombasa kwa basi. Ndo hivyo, meli ni rahisi lakini mtoto hangoji.

Kuna jamaa alimwambia shemeji amenunua feki. Si lazima iwe feki. Tofali la Lego lenye vidude juu na mirija ndani liliombewa hataza (patenti) Denmark tarehe 28 Januari 1958, na hataza hiyo ishakwisha zamani, na mwaka 2010 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikakataa Lego kulisajili umbo la tofali lenyewe kama nembo ya biashara. Kwa hivyo kutengeneza tofali linaloshikana si kosa. Kosa ni kunakili seti ya mwenzio nzima nzima, picha ya boksi mpaka kitabu, na kwa hilo polisi wa Shanghai waliwavamia watu wa Lepin mwaka 2019. Seti ya huyu kijana ni muundo wao wenyewe, sijaona popote Lego wakiwa na gari kama lile. Vipimo tu ndivyo vimoja, tundu kwa tundu milimita 8, na hilo ndilo litakalotuokoa mbele.

La tatu alilolipata, na nafikiri hapa ilikuwa bahati, ni rimoti. Lego wenyewe walipoleta mfumo wao wa Power Functions mwaka 2007 rimoti ilikuwa ya miale ile ya rimoti ya tivii, infraredi, na miale hiyo ukiwa nje kwenye jua inapotea. Sasa jua la Mombasa saa tisa mchana, ukisimama hatua chache gari halikusikii kabisa. Baadaye mwaka 2019 wakaja na Control+, magari kama seti namba 42099 yenye vipande 958, hayo ni blutuuthi na unaendesha kwa simu, rimoti ya mkononi hamna ndani ya boksi. Kwa mtoto simu ni balaa, kioo hakionekani juani, meseji zinaingia katikati ya mlima, na baba hataki simu yake iende ufuoni. Hii ya Kichina ina rimoti ya kushika mkononi ya 2.4 GHz, inafika mbali na jua haliisumbui. Nikiulizwa na mtu wa pwani ninunue ipi, rimoti ndiyo naangalia kabla ya idadi ya vipande.

Haya, gari likajengwa. Likatembea sebuleni kwenye vigae vizuri tu, polepole lakini linapanda mto wa kochi, mtoto furaha. Jumapili wakaenda nalo ufuo wa Pirates. Kwenye mchanga mkavu likaenda kidogo, likazama magurudumu, mota zikanguruma, kisha kimya, kiboksi cha betri kimejizima. Unazima unawasha, linaenda tena hatua mbili, linazima. Jioni nyingine wakalipeleka Mama Ngina kwenye yale mawe ya chini karibu na bahari, mbele likapanda jiwe, likasimama juu likitetemeka, likafa. Kuna mtoto mwingine pale alikuwa na gari la rimoti la kawaida la dukani, si la matofali, likalipita lile la mpwa wangu kwa mbio mbele za watu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa kweli, maana shemeji ni mtu wa kushindwa vibaya.

Akaagiza mota mbili za kasi, zile zinazoiga mota ya Lego ya bagi, kigari cha mbio. Sh3,500 na usafiri. Mota zile ni za mbio kwelikweli, ya Lego yenyewe kwenye volti 9 bila mzigo inapita mizunguko 1,200 kwa dakika, wakati mota ya L, saizi waliyoweka kwenye gari hili, iko karibu 390. Shida umbo lake halifanani, haliingii mahali pa mota za awali, kwa hivyo shemeji alibomoa fremu ya katikati akajenga yake ya kubuni. Sebuleni gari likaruka, mtoto akapiga makofi. Nje kwenye changarawe pale chini ya fleti wakasikia tak! upande wa mbele, gurudumu la kushoto likawa halizunguki tena. Wakaendelea hivyohivyo. Kisha likawa linazima kila baada ya sekunde chache hata kwenye sakafu. Hapo nikapigiwa simu, "Shem hebu njoo uangalie hii kitu, mtoto hali."

Nililikuta ndani ya ndoo ya rangi. Nilichofanya kwanza si kulifungua, nililipima. Mizani ya jikoni ya dada ilisema kilo moja na nusu hivi. Kipenyo cha tairi sentimita 10. Halafu nikafunga uzi nyuma na kule mwisho wa uzi nikatia mizani ya kuning'iniza, ile ya samaki, nikamwambia kijana bonyeza mbele taratibu. Halikuvuta hata nusu kilo, mota zikalia na kiboksi kikazima. Gari la kilo moja na nusu lisiloweza kuvuta nusu kilo haliwezi kupanda jiwe lolote, hayo huhitaji fundi kukwambia.

Baada ya hapo ndo nikafungua. Jointi ya mbele kushoto, ile inayokunjika ili gurudumu ligeuke huku linazunguka, ilikuwa imepasuka sikio moja. Ndani ya giaboksi kulikuwa na gia ya meno 8 imeliwa meno, na mchanga wa Pirates bado umo, mweupe. Mota zenyewe nzima. Kiboksi nacho kizima, nilikijaribu na mota moja juu ya meza kikafanya kazi bila kuzima.

Sasa hapa ndo penye kisa chenyewe, kwa hivyo nitakaa kidogo. Shemeji alikuwa na hakika kwamba mota za awali zilikuwa dhaifu. Tuhesabu. Mota ya L ya Lego kwenye volti 9 inasimama ikifika kama Ncm 18, yaani newtoni-sentimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Tuseme ya Kichina ni sawa na hiyo, lakini betri ya gari hili ni volti 7.4, kwa hivyo toa kidogo, tuseme 15. Mota mbili 30. Giaboksi ya awali ilikuwa na gia ya meno 8 ikizungusha ya meno 24, yaani mara tatu, unapata 90 kwenye magurudumu. Lakini hiyo 90 ni pale mota imesimama kabisa inaungua, ya kufanyia kazi chukua nusu, 45. Na msuguano wa ekseli za plastiki unakula sehemu yake tena. Upande wa pili, gari la kilo moja na nusu kwenye mteremko wa digrii 45, na tairi ya sentimita 10, linataka kama Ncm 53 ndo lipande. 45 kwa 53. Haifiki. Kwa hiyo kweli nguvu ilipungua, hapo shemeji hakukosea, lakini ilipungua kidogo tu, na inapungua kwa sababu ya gia ya mara tatu ambayo ni ndogo kwa gari zito la tairi kubwa.

Mota za kasi zilifanya nini? Zikaleta mbio, na gia zikabaki zilezile za mara tatu. Mota ya aina hii ikizuiwa inavuta umeme mwingi, zile za Lego hupita ampea 3 moja, sasa mbili ni zaidi ya 6, na kiboksi kidogo cha betri kina kinga yake, kikiona hivyo kinakata. Kinakata ili kisiungue, kinafanya kazi yake. Watu hudhani kiboksi kibovu wakaagiza kingine, kikija nacho kinakata.

Na jointi? Hii ndiyo sehemu ambayo sikuona mtu akiieleza vizuri kwa Kiswahili. Ukitia gia za kuongeza nguvu katikati ya gari, karibu na mota, basi kila kitu kilicho baada ya hapo, shafti, difu (gia zinazogawa mzunguko kwa gurudumu la kushoto na la kulia), jointi, ekseli, vinabeba ile nguvu iliyokwisha kuongezwa. Ukizitia mwisho kabisa, ndani ya gurudumu, huku njiani kote shafti inazunguka mbio lakini nyepesi, na nguvu inaongezeka pale mlangoni tu. Ni kama hamali, ukimpakia gunia zima pale Marikiti atalibeba njia yote mpaka nyumbani, ukimpa mafungu mepesi akawa anakwenda mbio na kurudi, mchele unafika uleule na mgongo haukatiki. Jointi ya plastiki ndiyo mgongo wa gari hili. Haijali sana kuzungushwa haraka, inajali kusokotwa. Mota za bagi juu ya changarawe zinafanya gurudumu lirukeruke, linazunguka hewani kwa kasi halafu linadaka chini ghafla, na kila likidaka jointi inapigwa msokoto mmoja. Ile tak waliyoisikia ni hiyo.

Kabla sijafanya lolote shemeji alikuwa na wazo jingine, kuna fundi mmoja mjini alimwambia watie betri ya volti 12 ya nje, wakate plagi na kuunga moja kwa moja. Nikamwambia Shem, hapo sasa utaunguza kipokezi cha rimoti kwanza, kisha mota, na kama vyote vikisalimika utapasua jointi ya pili. Betri yake ile ni seli mbili, zikijaa ni volti 8.4, zikikaribia kwisha zinashuka volti 6 hivi, na kila kitu mle kimepangiwa hapo. Kuna watu Ulaya wanauza vitu kama BuWizz, kutoka Slovenia, kiboksi chenye betri na blutuuthi ndani ambacho kinapandisha volti makusudi kwa watu wa mashindano, na hao wenyewe huvunja ekseli kila mara na wanajua. Mtoto wa miaka 11 hataki hayo. Anataka apande jiwe.

Tulivyolitengeneza. Mota za kasi zikatoka, fremu ya kati ikarudishwa kama kitabu kinavyosema, mota za awali zikarudi. Nikaagiza habu nne za magurudumu zenye gia ndani, zile ambazo kuna gia ndogo zinazunguka gia ya katikati, Lego walizitoa na hilo gari la 42099 na zinapunguza mizunguko mara 5.4. Siku hizi wanaiga, nne zilinigharimu Sh2,400 na usafiri kwa ajenti yuleyule. Rimu za seti hii kwa bahati zilikuwa na matundu ya pini yaliyolingana, kama zako zinashika kwa ekseli tu basi utanunua na rimu.

Sasa utamu. Habu zimeleta 5.4, tukiiacha na ile gia ya mara tatu katikati tunapata mara 16, gari litatembea kama kobe na jointi bado inabeba mzigo. Kwa hiyo ile ya katikati lazima itoke. Na hapa ndipo vipimo vya milimita 8 vinasaidia, sikiliza: gia hizi za kawaida, ukijumlisha meno ya gia mbili zinazoshikana, jumla ikiwa 32 basi ekseli zake zinakaa umbali wa matundu mawili kamili, milimita 16. 8 na 24 ni 32. 16 na 16 ni 32. 12 na 20 ni 32. Maana yake ni kwamba unaweza kutoa ile 8 na 24, ukatia 16 na 16 mahali palepale, huhami hata tofali moja, fremu haijui kama kuna kilichobadilika. Shemeji alipoona hilo alinyamaza kidogo kisha akasema "sasa mbona hawaandiki kwenye kitabu?" Sina jibu. Na ile ya meno 8, kusema ukweli, mahali pa mzigo mkubwa siitaki kabisa, meno machache, nyembamba, ndiyo ya kwanza kuliwa. Gia zote mpya hazikufika hata Sh300.

Hesabu mpya, mota mbili 30, gia ya kati moja kwa moja, habu 5.4, unapata 162, nusu yake 81, inapita ile 53 na bado kuna ya kulisha msuguano. Na jointi, kwa nguvu ileile inayofika kwenye tairi, sasa inabeba kama moja ya tano ya ilichokuwa ikibeba. Nikatia jointi mpya upande wa kushoto tu, ya kulia ileile ya zamani.

Mizani ya samaki tena. Safari hii mota hazikusimama, tairi ndizo zilizoteleza kwenye vigae, mizani ikiwa imepita kilo. Tairi zikiteleza kabla mota haijasimama basi nguvu umeshaipata, ya zaidi haikufai kitu, huko mbele ni habari ya tairi na uzito.

Lakini mtoto hakufurahi. Alilibonyeza sebuleni akaniangalia, "Mjomba mbona linatambaa?" Na ni kweli. Mwanzo kwa hesabu lilikuwa linaenda kama kilomita 2 kwa saa bila mzigo, sasa ni 1.1 hivi, mtu anayetembea tu kwa raha yuko tano. Mzazi mwingine angesema vumilia. Mimi nilimwonyesha ile 12 na 20. Ukiiweka ya 20 upande wa mota na ya 12 upande wa shafti inaongeza mbio, jumla inakuwa mara 3.24, yaani karibu sawa na ile tatu ya kiwandani, kasi inarudi 1.9 hivi, na bado jointi iko salama kwa sababu kupunguza kunafanyika kwenye gurudumu. Kwa hivyo sasa ana pea mbili za gia kwenye kikopo, 16 na 16 za mawe na mchanga, 20 na 12 za nyumbani na barazani, na kubadilisha ni kuvuta ekseli moja. Alijifunza siku hiyohiyo. Baba yake mpaka leo anamwita mtoto ambadilishie.

Sasa mambo ya Mombasa ambayo kitabu cha kampuni yoyote hakitakuambia. Joto kwanza. Mota hizi na viboksi vyake vingi vina fyuzi inayojirudisha, ikipata moto inakata, ikipoa inarudi. Fyuzi ya namna hiyo ikiwa tayari ina joto la nje inakata mapema, ndo maana gari lilelile linalomaliza betri nzima jioni litazima mara tatu mchana wa Februari. Usiliache juani kwenye kiti cha gari huku unanunua mihogo, lilaze kivulini. Likijizima usibonyezebonyeze, lipe dakika chache.

Mchanga ndio adui mkubwa kuliko yote. Ile habu ya gia ndani imefunikwa vizuri kiasi, lakini difu iko wazi. Tukitoka ufuoni tunatoa mota, servo (mota ndogo ya usukani) na kiboksi, plastiki iliyobaki yote inaingia kwenye beseni ya maji baridi ya bomba, maji matamu, siyo ya kisima cha chumvi, inasukwasukwa, kisha inaanikwa kivulini. Siyo juu ya paa la mabati, plastiki inapinda na rangi inapauka. Mafuta usitie. Shemeji alishanunua kopo la kupuliza, nikalificha, mafuta mengi ya petroli yanaila plastiki ikafanya nyufa, na hata isipoila, mafuta yanashika mchanga ukawa msasa. Ekseli hizi zimetengenezwa kuzunguka kavu. Ukiona lazima, silikoni kidogo sana. Na vichwa vya plagi upepo wa bahari unaviotesha kutu ya kijani, futa kwa kitambaa na spiriti mara mojamoja.

Majaribio ya Mama Ngina yalikwenda vizuri, mawe yaliyolishinda mwanzo lilipanda, yale marefu lilianguka kichalichali lakini hilo ni kwa sababu kiboksi cha betri kimekaa juu mno, si nguvu tena. Tumekishusha tundu mbili kuelekea mbele, ikasaidia. Pirates kwenye mchanga mkavu linaenda na halizimi, ila tairi zinachimba ukikaza sana, kwenye mchanga uliolowa karibu na maji ndo raha, na huko ndiko dada hataki lifike. Yule mtoto wa gari la dukani alikuja akaliomba ajaribu.

Kilichobaki hakijakaa sawa ni usukani. Habu mpya zimelipanua gari kila upande, tairi sasa inazunguka mbali na pale inapogeukia, kwa hivyo likiwa limesimama servo inaguna kugeuza tairi na haifiki mwisho. Likiwa linatembea inageuka. Dawa ni tairi nyembamba zaidi au kupunguza urefu wa mkono wa servo kwa tundu moja, nguvu itaongezeka lakini kona itakuwa pana. Kijana anataka tairi zilezile nene kwa sura, kwa hivyo tutafupisha mkono.

Jumla ya matengenezo, habu, gia, jointi, haikufika Sh3,000, chini ya zile mota za kasi. Mota zenyewe hazikutupwa. Tulizitia kwenye kigari kidogo cha magurudumu madogo, chepesi, hakina hata nusu kilo, mabaki ya seti nyingine, hakina jointi wala difu, mota mbili zinazungusha ekseli ya nyuma moja kwa moja. Kwenye lami ya parking ya fleti saa za jioni kinakimbia mpaka paka wamehama. Kwa atakayeuliza bei na vipimo: habu tafuteni zilizoandikwa 5.4 na zinazouzwa nne pamoja, hakikisheni picha inaonyesha tundu la ekseli ya msalaba upande wa ndani na matundu ya pini upande wa rimu, na gia nunueni pea mbilimbili kwa sababu usafiri wa moja na wa kumi ni uleule.